Hesabu ya V na I ishuke mpaka kwenye soketi zetu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Tanga, nina miaka 19 kwenye kazi hii, na nakuandikia kwa sababu ya plagi moja iliyoyeyuka ambayo mpaka sasa iko mezani kwangu naiangalia. Upande mmoja plastiki imekuwa ya kahawia halafu nyeusi, imevimba, pini ya laini (ule waya unaoleta umeme) imelegea ukiigusa inacheza, na ukifungua ndani pale panapokaa fyuzi hamna fyuzi, kuna kipande cha waya wa shaba kimekunjwa kikabanwa mahali pake. Kuna mtu aliona fyuzi inaungua ungua akaamua kumaliza usumbufu kwa njia hiyo.

Plagi ni ya ekstensheni ya saluni moja mtaani kwetu. Mwenye saluni aliniita Jumamosi mchana, wateja wamejaa, akaniambia kaka fundi hebu njoo uangalie umeme wa hapa, unakuja mwingi sana unatuunguzia vitu, hii ni ekstensheni ya pili mwezi huu na sasa nimenunua ya tatu. Nikamwambia dada, usizime kitu, fanya kazi kama unavyofanya siku zote nami nipime. Basi kwenye ile ekstensheni mpya moja kulikuwa na draya ya kofia, imeandikwa wati 1000, draya ya mkono wati 1800, na birika la umeme la wati 2000 la kuchemshia maji ya kuoshea nywele. Vyote vimechomekwa hapo, na waya wenyewe umeviringishwa mduara nyuma ya kabati la mafuta, juu yake kuna mataulo.

Nikapima. Kwenye soketi ya ukutani volti 226, kwa hiyo habari ya umeme kuja mwingi haikuwepo kabisa, maana wa kwetu unatakiwa uwe 230 na unaruhusiwa kupanda na kushuka kidogo. Nikapima mwisho wa ekstensheni pale panapochomekwa vitu nikakuta 209. Halafu nikaweka klampu mita, kile kipimo cha mkondo kinachobana waya (na hapa niseme kidogo kwa vijana wanaojifunza, klampu unaishikisha kwenye waya mmoja tu, wa laini, ukiushika waya mzima wenye laini na nyutro pamoja itakusomea sifuri kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi vinafutana, mimi natembea na kipande changu cha ekstensheni nimezitenganisha nyaya kwa kazi hiyo), nikapata ampea 19.

Sasa Mhariri naomba msomaji achukue simu yake afungue kikokotoo tuhesabu wote. Volti 226 toa 209 zinabaki 17, hizo 17 zimepotelea njiani, ndani ya waya na kwenye pini na kwenye viungo. Volti ukigawa kwa ampea unapata omu yaani ukinzani, 17 gawa kwa 19 ni kama 0.89. Mtu ataona mbona omu moja haifiki, kitu kidogo hicho. Haya, volti ukizidisha kwa ampea unapata wati yaani nguvu, 17 mara 19 ni wati 323. Hizo wati 323 hazikaushi nywele za mtu wala hazichemshi maji, zinaupasha moto waya uliofunikwa mataulo nyuma ya kabati la mafuta ya nywele. Ile chuma ya kuchomea risasi wanayotumia mafundi redio ni wati 40 na inayeyusha risasi, sasa ukikuta sehemu tu ya hizo 323 imekusanyika kwenye pini moja iliyolegea, plastiki itafanyaje?

Nilipomwonyesha dada ile hesabu kwenye karatasi ya risiti alinyamaza, halafu akaniuliza swali ambalo ndo limenifanya niandike barua hii. Akasema, fundi, mbona hii nilisoma shule, V (volti) sawasawa na I (ampea) mara R (omu), na mtihani nilifaulu, mbona sikujua kwamba ni hiki?

Nilirudi nyumbani na swali lile. Binti yangu yuko kidato cha tatu, anaipenda sana fizikia, nikamwambia mwanangu hebu niambie kanuni ya Ohm, akaitaja vizuri bila kusita na akanipa na aina zake zote, ukitaka R unafanya hivi, ukitaka I unafanya hivi. Nikamwekea pasi ya nyumbani mezani nikamwambia nitafutie ukinzani wa hii. Akaiangalia, akasema baba hawajatoa. Nani hajatoa? Swali halijatoa volti wala ampea. Mhariri, nilisikia uchungu, maana mtoto ana akili na kanuni anayo kichwani ila alikuwa anasubiri swali limpe namba, na namba zenyewe zilikuwa zimeandikwa chini ya pasi aliyoshika mkononi.

Nikamgeuzia. Kale kastika ka fedha kameandikwa 220-240V, 1000W. Tukachukua 230 ya kwetu. Wati gawa kwa volti tunapata ampea, 1000 gawa kwa 230 ni 4.35. Halafu volti gawa kwa ampea, 230 gawa kwa 4.35 ni kama omu 53. Nikampa multimita, kipimo cha volti na omu, nikamwambia pasi haijachomekwa popote, weka kwenye omu, gusa pini ya laini na ya nyutro. Mita ikaonyesha ile alama ya kwamba hamna njia kabisa. Akaniangalia kama nimemdanganya. Nikamwambia zungusha kile kitufe cha joto, akazungusha ikalia tik, maana kilikuwa kimezimwa na swichi ya ndani imeachana, akapima tena ikasoma 51. Alipiga kelele mpaka mama yake akatoka jikoni. Jioni yote ile alizunguka nyumba na daftari, birika wati 2000 ampea 8.7 omu 26, tivi, chaja, kila penye kastika, na mie nikimfuata nyuma kumzuia asifungue vitu.

Akafika kwenye balbu moja ya zamani ya wati 60, zile za uzi. Hesabu inasema ampea 0.26 na omu 880 hivi. Mita ikasoma 65. Akasema baba mita yako mbovu. Mita si mbovu, kile kiuzi cha ndani kikiwaka kinafika joto la zaidi ya nyuzi 2000 na kikiwa cha moto ukinzani wake unapanda mara kumi na zaidi ya kikiwa baridi, ndo maana balbu zile nyingi zilikuwa zinaungua pale pale unapobonyeza swichi, ikiwa bado baridi inavuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo sana. Na kwenye feni na friji hesabu ya kugawa volti kwa ampea haikupi ukinzani wa waya peke yake, mota ina mambo yake ya sumaku, na ukizidisha volti kwa ampea unapata namba kubwa kuliko wati halisi inazotumia, kwa hiyo friji ikisoma ampea 1 kwenye klampu usikimbilie kusema inakula wati 230. Taa za LED na chaja nazo haziendi sawa na kanuni ile. Hesabu hii inanyooka kwenye vitu vya kutoa joto, pasi, birika, hita, jiko la koili, na kwenye nyaya zenyewe. Na karibu kila moto wa plagi niliowahi kuitwa kuukagua umeanzia kwenye vitu hivyo hivyo vya joto.

Huyu Ohm mwenyewe alikuwa mwalimu. Georg Simon Ohm, Mjerumani, alifundisha hesabu na fizikia kwenye shule pale Cologne, na vipimo vyake alivifanya kwa vyombo alivyotengeneza kwa mikono yake, akatoa kitabu chake 1827, kikapokelewa kwa ubaridi kwao na mpaka 1841 ndo Waingereza wa Royal Society, chama chao cha wanasayansi, wakampa nishani ya Copley. Nimemtaja kwa sababu kanuni hii ilitoka kwenye waya na vipimo kwanza ndo ikaja kuandikwa ubaoni, sisi tumeianzia ubaoni na tumeiacha huko huko.

Na miaka ile ile ya 1840 James Joule kule Uingereza akaonyesha kitu ambacho mie naona kila mwenye nyumba akijue. Joto kwenye waya linakwenda kwa ampea zidisha kwa ampea yenyewe halafu zidisha kwa omu. Maana yake ukiongeza mkondo mara mbili joto linakuwa mara nne. Turudi saluni, ule waya wa omu 0.89 ukipitisha ampea 19 unatoa joto la wati 323, ukipitisha nusu yake, ampea 9.5, joto linabaki wati 80 tu. Kwa hiyo dada angechomoa vitu vya nusu ya mzigo, joto la waya lingepungua kwa robo tatu. Watu wanadhani ukiongeza kitu kimoja kwenye ekstensheni umeongeza kidogo, hapana, unapanda ngazi mbili mbili.

Plagi hizi zetu za pini tatu za mraba fyuzi kubwa kabisa inayotakiwa kukaa ndani ni ampea 13. Zidisha 13 kwa 230, wati 2990, tuseme 3000. Hapo ndo mwisho wa plagi moja hata kama ekstensheni ina matundu sita. Birika la 2000 na draya ya 1800 ni 3800, tayari umepita kabla hata hujaweka kofia. Fyuzi ikiungua hapo imefanya kazi yake, imekwambia umepita, ukiitoa ukaweka kipande cha waya umemziba mlinzi mdomo. Na ndani ya ekstensheni nyingi za bei rahisi waya ni mwembamba kuliko unavyodhani kwa unene wa mpira wa nje. Waya wa shaba wa 0.75 (yaani unene wa milimita za mraba 0.75) kila mita 1000 una ukinzani wa kama omu 26, ekstensheni ya mita 10 ina kwenda na kurudi mita 20, kwa hiyo omu 0.52 hata kabla ya pini na viungo. Waya wa 2.5 tunaovuta ukutani kwenda kwenye soketi ni omu 7.4 kwa mita 1000, kwa urefu ule ule unapata 0.15.

Pale saluni nilichofanya, nilivuta waya wa 2.5 kutoka kwenye mein swichi na saketi breka yake ya ampea 20, nikaweka soketi mbili za ukutani kwa ajili ya draya zote mbili, birika likahamia soketi ya upande wa pili kwenye laini nyingine. Nikapima tena vikiwa vinafanya kazi, volti zilizopotea njiani zilikuwa 2. Akasema draya zimekuwa na joto zuri kuliko zamani, na ni kweli, zamani zilikuwa zinapata 209.

Hapo niingie kwenye jambo ambalo nimelisoma mara nyingi kwenye kurasa za barua, kwamba umeme ukiwa mdogo mita inakimbia na uniti zinaisha. Najua watu wanaumia na hela za umeme na siwabezi hata kidogo, ila tuhesabu. Birika la wati 2000 kwenye 230 lina omu 26.45. Volti zikishuka mpaka 180, gawa 180 kwa 26.45 unapata ampea 6.8, zidisha kwa 180 unapata wati 1225. Nguvu imeshuka karibu asilimia 39 ingawa volti hazijashuka hata robo. Maji ya lita moja na nusu yaliyokuwa yanachemka dakika 4 sasa yanachukua 6 na zaidi, na uniti zilizotumika zinakaribiana sana, zinazidi kidogo tu kwa joto linalopotea wakati unasubiri. Kwa hiyo kwa birika na pasi mita haikimbii, kinachokuchelewesha ni kazi kwenda polepole. Friji ni habari nyingine, mota ikikosa volti inahangaika, inavuta mkondo zaidi na inapata moto, umeme ukiwa 180 bora friji uizime kuliko kuiacha inaunguruma.

Na kama kweli unataka kujua hela inakwenda wapi, uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja, basi. Hita ya kuogea ya wati 3000 ikiwaka saa nzima ni uniti 3, na mie uniti nanunua kwa kama shilingi 356 ukijumlisha kodi na tozo, kwa hiyo ni 1068 kwa saa hiyo moja. Ile taa ya LED ya wati 9 ambayo baba mwenye nyumba anagombana na wapangaji kila usiku, ikiwaka usiku mzima saa 12 haijafika hata uniti moja, ni 0.108, shilingi 38. Nimewahi kukuta nyumba wanazima taa wanakaa gizani huku hita ya maji imesahaulika inawaka tangu asubuhi.

Wenzetu wa sola nao nisiwasahau, maana huko vijijini Muheza na Handeni naitwa sana siku hizi. Mtu amenunua inverta ya wati 1000, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, betri ya volti 12, halafu kuunganisha betri na inverta ametumia waya wa 2.5 uliobaki wakati wa kujenga, anasema mbona nyumbani kwa kaka mjini waya huu huu unabeba birika. Gawa 1000 kwa 12, ni ampea 83. Mjini kwenye 230 wati hizo hizo ni ampea 4.35 tu. Waya ule mita mbili kwenda na mbili kurudi una omu 0.03 hivi, zidisha kwa 83 umepoteza volti 2.5, betri ina 12 inverta inaona 9.5, inapiga kelele na kuzima, mtu anakwenda kulaumu betri na kununua nyingine. Na waya unapokea joto la wati 200 zikiwa kwenye mita nne tu. Hapo unatakiwa waya mnene kama kidole, na mfupi uwezavyo.

Ndugu Mhariri, ninachoomba ni vitu vichache na naviomba kwa moyo wote. Wenye maduka ya vifaa vya umeme, ekstensheni isiyo na maandishi ya ampea na unene wa waya msiilete kaunta, na mteja akiuliza fyuzi msimpe waya. Walimu wa fizikia, na nawaheshimu sana maana mmoja wenu ndo alinipa mie njia hii ya kula, siku mnafundisha kanuni ya Ohm chukueni pasi na birika mkaziweke mezani bila kuzichomeka, mtoto ageuze asome kastika atoe namba mwenyewe, na kama shule ina multimita hata moja apime aone 51 na 53 zinavyokaribiana. Na wewe Mhariri, ukurasa wako wa familia una nafasi ya mapishi kila wiki, naomba uwape wasomaji kipande kidogo hapo chini cha hesabu moja ya kifaa kimoja, wiki hii pasi, wiki ijayo hita, mie niko tayari kuziandika na vipimo nitapima mwenyewe.

Kuhusu ile plagi, dada aliniambia niitupe, nikamwomba nikae nayo. Wiki ijayo shule ya binti yangu wamenikubalia niingie darasani kipindi kimoja, nitakwenda nayo.

Fundi umeme,
Tanga